Tuta Lisiloshika Jalidi

Ukame ulipokaza, watu wa Yalimu waliacha kuulizana mvua itanyesha lini, wakaanza kuulizana nani anashuka lini. Kushuka kila mtu alijua maana yake. Unafunga nyumba, unaswaga nguruwe waliobaki, unatelemka hadi bonde la Maramuni kuomba hifadhi kwa jamaa, kama walivyofanya babu zenu kila jalidi ilipounguza viazi vitamu huku juu. Ukame wa milimani hauji na jua peke yake. Usiku ukikosa mawingu, alfajiri nyasi zote zinakuwa nyeupe kwa jalidi, ule umande ulioganda, na jua likishachomoza majani ya viazi yanageuka meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Asubuhi moja inatosha kumaliza jasho la mwaka.

Neame hakutaka hata kuisikia habari ya kushuka. Alishashuka mara moja, katika ukame ule wa zamani, akiwa bibi harusi wa juzi, mtoto wake wa kwanza amelala ndani ya mfuko wa kamba ulioning'inia kutoka utosini hadi mgongoni. Aliporudi, mfuko ulikuwa umejaa marando ya viazi ya mbegu aliyopewa na wenyeji. Mtoto alibaki kule bondeni, amezikwa kwa watu. Malaria ilimchukua kati ya Jumapili na Jumapili. Watu wa mlimani hawajawahi kuizoea malaria, na yenyewe ikiwapata haiwacheleweshi.

Sasa alikuwa na Dorkas, binti wa darasa la kwanza, aliyempata baada ya kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, kukata tamaa. Mumewe Yakasa alishafariki. Katika nyumba yao walibaki watatu: yeye, Dorkas, na mama mkwe wake Ipali, kikongwe asiye na jino hata moja ila mwenye maneno ya kutafuna watu wazima.

"Dorkas hashuki," Neame alikuwa akisema, na aliyetaka kubishana alikuwa huru kwenda kubishana na mti.

Kilichompa jeuri hiyo ni shamba lake la kinamasini. Wenzake walilima vilimani, kwenye udongo mwekundu, na jalidi ilikuwa imeshawamaliza. Yeye alikuwa na matuta yake ukingoni mwa kinamasi cha Yalimu, mahali ambapo mume wake, na baba wa mume wake, walilima kabla yake. Ukungu mwembamba uliotoka pale kila alfajiri uliyafunika matuta, na marando yake yakabaki ya kijani wakati mlima mzima umekauka. Yakiwepo marando, kuna chakula na kuna mbegu. Yakiwepo marando, Dorkas hashuki. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo.

Kinamasi kile si ziwa, wala si tope la kawaida. Ni udongo mweusi mlaini, wa nyasi na kuvumwani, vimea vile laini vya majimaji, na mizizi iliyokufa zamani mno, ikafunikwa na maji isioze, mwaka juu ya mwaka, mpaka kina chake kikazidi urefu wa nyumba. Zamani ukikanyaga ukingoni, ardhi ilitikisika na maji yakakufika vifundoni. Sasa ulipita na viatu vya shule.

Haya Neame alikuwa akiambiwa na Konio, msichana mtafiti kutoka pwani, aliyeletwa na chuo chake kupima pumzi ya kinamasi. Konio alizamisha pete za plastiki ardhini, na juu ya kila pete waliweka sanduku angavu lisilovuja, lenye mpira mwembamba uliokwenda kwenye mashine. Mashine ilisoma hewa ya ukaa. Ikipungua ndani ya sanduku, basi kinamasi kinavuta. Ikizidi, kinatoa. Neame ndiye aliyekuwa msaidizi wake: alishika sanduku, alitandaza kitambaa cheusi juu yake mwenzake alipotaka kupima gizani, na alimcheka alipotetemeka kwa baridi.

"Mwanangu, leo kinasemaje?" aliuliza siku moja mchana, jua limewaka.

"Kinatoa, mama."

"Hata juani?"

"Hata juani. Majani yamefunga vinywa kwa kiu, hayavuti tena. Na maji yakishuka, hewa inaingia chini. Ule udongo wa zamani uliokuwa umelala unaanza kuoza, unapanda angani."

Neame alitazama pete iliyokuwa katikati ya kuvumwani iliyopauka. Alikumbuka nguruwe wake wa mwisho, jinsi mbavu zilivyoanza kujitokeza siku hadi siku bila mtu kumgusa.

"Yaani kinajitafuna chenyewe."

"Ndiyo hivyo, mama. Kinajitafuna." Konio alikunja mpira wake. "Ila hakitaisha kwa ukame mmoja. Ninachoogopa mimi ni moto. Tafadhali, msiwashe moto humu ndani. Hata sigara ya shemeji yako Pokale. Udongo huu ukikauka ni kuni."

"Nani huyo mwendawazimu wa kuwasha moto kinamasini?" Neame alisema, na alisema kwa moyo wake wote.

Wiki hiyo Konio akashuka mjini Wabag kuchaji betri za mashine, na gari lililotakiwa kumrudisha likaharibika huko huko.

Pokale akaja. Alikuwa mdogo wake Yakasa, na tangu kaka yake afe ndiye aliyesemea nyumba yao mbele ya ukoo. Alisimama mlangoni mikono mfukoni, akachungulia ndani.

"Shemeji, yule mla samaki wako yuko wapi? Ameganda kwa baridi?"

"Kaenda mjini. Wewe umeleta nini zaidi ya hicho kinywa?"

"Nimeleta habari. Nguruwe hawana cha kula, wataanza kufa mmoja mmoja. Tunawachinja wote, tunakula, halafu nyumba nzima tunashuka."

"Nyumba yako."

"Nyumba ya Yakasa ni nyumba yangu pia, na wewe unalijua hilo. Nikuache huku na kibibi na mtoto, mkifa watu watasema Pokale alikuwa wapi?"

"Watasema Pokale alikuwa anakimbia, kama kawaida yake."

Kutoka ndani Ipali alicheka mpaka akakohoa. Pokale naye hakukasirika, maana walikuwa wakitaniana hivyo tangu siku ya mahari. Neame alipoona amelainika kidogo, akatoa lile wazo alilokuwa akilitafakari tangu asubuhi.

"Karamu tuifanyie chini, kwenye shimo la Yakasa."

Shimo hilo lilikuwa tanuri la familia, ukingoni mwa kinamasi, karibu na matuta yake. Mawe ya kuokea ya baba mkwe yalikuwa bado yamo. Hapo ndipo walipookea nguruwe wa harusi yake, na wa matanga ya mumewe. Watu walilipenda kwa sababu udongo wake ulikuwa na maji: ukiyafukia mawe ya moto na nyama na viazi, ukafunika kwa majani ya mkadi na ule udongo mweusi, mvuke unapanda wenyewe na nyama inaiva mpaka mfupa unachomoka. Neame alilitaka kwa sababu nyingine. Alitaka ukoo wote ukae mbele ya matuta yake, uyaone yalivyo ya kijani, Pokale aone aibu kumwambia mwenye shamba kama lile aondoke.

"Si mla samaki alisema hakuna moto kule?" Pokale aliuliza.

"Moto tuwashe kilimani, kwenye udongo mwekundu. Yatashuka mawe tu."

"Utatubebesha mawe ya moto mteremko wote ule?"

"Una mikono ya nini, shemeji? Ya karata tu?"

Kwa hiyo walipanda na mawe juu kilimani, wakayachoma motoni huko kwa uangalifu mkubwa, wakamwagia maji majivu yote. Kisha wanaume wakashuka na mawe mekundu yaliyobanwa kwa koleo za mti, wakipigiana kelele za kupishana, na Neame akatembea nyuma yao akiangalia kama kuna cheche iliyodondoka nyasini. Hakuna iliyodondoka. Alijisifu moyoni kwamba Konio angekuwepo angefurahi.

Mawe yakaingia shimoni. Wakapanga majani, viazi, matembele na nyama, wakafukia.

Karamu ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ilivyopaswa kuwa kwa watu wanaoagana. Nyama ilikuwa na harufu kidogo ya moshi, na Pokale akasema ndiyo imekolea. Alikula amekaa kwenye ukingo wa tuta, mkono mmoja ukipapasa marando bila yeye kujua, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Ipali ndiye aliyeanzisha habari ya kushuka.

"Mimi sishuki," alisema. "Nikifia kule mtanizika na mbu?"

Watu wakacheka. Pokale akajifuta mafuta mikononi, akamtazama shemeji yake.

"Haya, bakini," akasema. "Lakini hayo marando ndiyo mbegu yetu sote, Neame. Tukirudi tukutane na marando, siyo na hadithi."

Neame aliitikia kwa kichwa tu. Akiongea angelia, na hakutaka kulia mbele ya wifi zake. Alimvuta Dorkas akamkalisha mapajani ingawa mtoto alishakuwa mzito, akamwambia sikioni kwamba wanabaki nyumbani.

Jambo moja alikuja kulikumbuka baadaye, akalikumbuka kila siku. Miaka yote, karamu ikiisha na shimo likifukuliwa, maji ya kinamasi yalikuwa yakijipenyeza chini, na mawe yaliyoachwa humo yalilia chwaaa mpaka jioni. Watoto walipenda kukaa kuyasikiliza. Siku ile mawe hayakulia. Aliondoka na mzigo wa karamu mgongoni, na masikio yake yakaona kuna kitu kimepungua, lakini furaha ilikuwa imemjaa, hakujiuliza ni kitu gani.

Ukoo ukashuka. Yalimu ikabaki kimya, bila hata mguno wa nguruwe.

Asubuhi ya jalidi kubwa, Neame alikimbia shambani akiwa hajafunga hata shuka vizuri. Kila kitu kilikuwa cheupe: nyasi, mawe, paa za watu waliohama. Ukungu wa kinamasi haukuwepo, maana hakukuwa tena na maji ya kuutoa. Matuta yake ya mbali yalikuwa meupe vilevile. Ila matuta ya karibu na shimo la Yakasa hayakuwa na jalidi hata chembe. Yalisimama meusi na ya kijani katikati ya weupe ule, na alipoweka kiganja juu ya udongo, ulikuwa vuguvugu.

Alipiga magoti hapo hapo akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Ni mume wako huyo," Ipali alimwambia aliposikia. "Alikuwa mvivu, kazi yake kuota moto, sasa anawaotesha."

Tangu hapo Dorkas akawa haambiwi kwenda shambani. Kila asubuhi alikimbilia matuta yale, anavua viatu, anazika nyayo zake udongoni na kufumba macho kwa utamu. "Mama, njoo upashe miguu!" alikuwa akiita. Na Neame alikwenda. Walikaa pale wawili, nyayo zao zimezama kwenye joto, wanahesabu matuta yaliyopona. Alikuwa na furaha. Lazima lisemwe, alikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu amzike Yakasa.

Halafu marando yakaanza kunyauka. Hayakuungua kutoka juu, kama ya jalidi. Yalilegea kutoka shinani, jani likiwa bado la kijani. Kulikuwa na harufu pia, ya nywele zilizounguzwa, na siku nyingine uzi mwembamba wa moshi ulitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Neame alidhani ni kiu, akabeba maji kutoka chemchemi iliyokuwa ikidondoka kwa shida, akamwagia. Udongo uliyanywa kwa mlio mdogo.

Akashika shina moja akalivuta. Lilikuja bila ubishi, na viazi vyake chini. Ganda lilikuwa limekunjamana, na moja lilipasuka kwenye vidole vyake likatoa mvuke. Nyama ya ndani ilikuwa ya manjano, laini, imeiva.

Akavuta shina jingine. Vimeiva. La tatu, vimeiva. Alikwenda nyumbani na viazi vichache kwenye upindo wa sketi yake, hajui anakwenda navyo kufanya nini, na Ipali akanyoosha mkono akachukua kimoja, akakimung'unya kwa ufizi.

"Vitamu," alisema. "Umevipikia wapi, na kuni zimekwisha?"

Neame alirudi mbio na mti wa kuchimbia. Alichimba tuta kwa pupa, akapita udongo mweusi, akakuta majivu ya rangi ya chungwa, mepesi, na chini ya majivu kulikuwa na wekundu unaopumua. Alichimba akiufuata. Haukuwa na mwisho. Ulikwenda chini ya tuta la pili na la tatu, na upande mwingine ulikwenda moja kwa moja hadi shimo la Yakasa.

Konio aliporudi aliuona moshi akiwa bado barabarani. Alishusha mzigo wake na kuchukua koleo. Siku ya pili yake Pokale naye akapanda na vijana kutoka bondeni, maana habari ya moshi inatembea haraka, wakachimba mtaro kuuzunguka moto. Walichimba mpaka mikono ikachubuka. Walichimba mpaka mtu akisimama ndani haonekani, na bado chini ilikuwa ni ule ule udongo mweusi, mkavu, unaowaka. Walipomaliza mzunguko na kukaa kupumzika, moshi ukachomoza ng'ambo ya pili ya mtaro, kwa utulivu kabisa, mahali walipokuwa wameweka mashati yao.

Pokale alitupa koleo. "Mimi ndiye niliyeyabeba mawe," alisema.

"Mimi ndiye niliyesema yabebwe," Neame akajibu.

"Nilisema moto," Konio alisema. Alikuwa amekaa chini, majivu usoni, machozi yamechora mistari. "Mawe sikuyawaza, mama. Kwetu pia tunaokea kwa mawe. Lakini tunachimba mchangani. Mchanga hauungui. Sikuwaza."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ugomvi ungewapa kitu cha kufanya.

Neame alikata marando ya mwisho kutoka matuta ya mbali, yale machache ambayo jalidi haikuwa imeyamaliza, akayapanda kilimani kwenye udongo mwekundu na kuyafunika kwa nyasi. Jua lilipochomoza yalikuwa meusi.

Kabla ya kuondoka Konio aliomba wapime mara moja tu, pete iliyokuwa karibu na moto. Neame alishika sanduku kama alivyozoea. Namba zilipanda, zikapanda, hazikuwahi kupanda hivyo, kisha mashine ikaacha kuandika namba, ikabaki na mstari mtupu.

"Imeharibika?" Neame aliuliza.

"Haijaharibika. Imefika mwisho wa kile inachoweza kusoma."

"Kilichukua muda gani kujaa hivi, hiki kinamasi?"

"Kilianza kabla hakujawa na mtu huku, mama."

"Na kuisha?"

Konio alizima mashine, akaanza kukunja mpira.

Walishuka siku iliyofuata. Ipali alikataa, akatukana, akashika nguzo ya mlango, mwishowe akabebwa mgongoni na Pokale, akimpiga ngumi za kikongwe mabegani. "Unanipeleka kwa mbu!" alilia, na hakuna aliyecheka. Neame alitembea mbele, mfuko wa kamba umening'inia utosini. Ndani yake mlikuwa na viazi vilivyoivia tutani, chakula cha njiani. Hakugeuka nyuma. Hakukuwa na haja, maana moshi ulikuwa ukishuka pamoja nao.

Njia ilipita msitu wa mikadi, ikapita mahali pa mianzi, ikafika kwenye migomba ya kwanza. Hewa ikawa nzito na tamu. Dorkas, ambaye hakuwahi kuhisi joto lisilotoka kwenye moto au kwenye lile tuta, alivua sweta, akakimbia mbele akicheka na mikono wazi.

"Mama, huku hakuna baridi!"

Walikaa kupumzika jua likizama, kando ya kijito kilichobaki vidimbwi. Neame alimmenyea mtoto kiazi. Dorkas alikuwa ameshakiuma mara moja alipojipiga kofi mkononi, akaondoa kiganja na kukichunguza kwa karibu, kisha akamnyooshea mama yake.

"Mama, tazama," alisema. "Hiki ni kidudu gani?"